Mikono ya Murithi

Mwanangu, iko siku moja isiyonitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa fundi wa nguo hapa Majengo, Meru, bado msichana, na mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko makasi yangu. Mdogo wangu Karimi alikuwa ameolewa Maua na kijana aitwaye Murithi, mfungaji wa miraa. Wiki hiyo Karimi alikuwa Kiirua akimuuguza mama yetu, na Murithi alibaki na binti yao wa miaka minne, Kendi.

Nikasema niende nikaone mtoto anakula nini. Kwani mwanaume anajua kupika uji? Nilifika saa tisa alasiri. Ala! Murithi alikuwa ameketi mlangoni, kope zimemwanguka, kidevu kimegusa kifua, na Kendi amefungwa kwenye mwili wa babake kwa kamba za mgomba, zile zile za kufungia miraa. Nilipomwita alijibu kwa ulimi mzito, sikuambulia neno.

Unawajua watu wa kwetu. Mtu wa Maua macho yakimlegea, hatuulizi mara mbili. Tunajua ametafuna miraa usiku kucha, kisha akaizima kwa pombe. Sikujisumbua hata kumnusa. Nilitoa makasi mkobani nikaanza kukata kamba.

"Anti, usikate," Kendi akaniambia. "Mikono ya baba hulala mapema."

"Baba yako ndiye amelala," nikamjibu. Nikamnyakua mtoto nikaja naye Majengo. Murithi alijaribu kuinuka, akarudi chini. Nilimwona, na sikugeuka.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Alikuwa amepanda pikapu ya miraa inayopita hapa ikienda Nairobi. Sauti yake ilikuwa safi kabisa.

"Shemeji, nifungulie tu. Asubuhi mimi niko sawa. Ni mchana ndio mikono inakataa kazi. Niko na barua ya daktari, si uisome?"

"Enda ulale kwanza, ulevi ukutoke!"

Aliipenyeza barua chini ya mlango. Nami, Mungu anisamehe, niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa cherehani yangu iliyokuwa ikiyumba. Siku ya pili akaja tena. Kendi alilia akipiga mlango kwa ndani, yeye akimbembeleza kwa nje. Sikufungua.

Siku ya tatu pikapu iliharibika njiani. Murithi akashuka akatembea, akafika jua likiwa kali. Nilisikia kitu kikigonga mlango, kisha jirani yangu mwenye bucha akapiga kelele. Nikafungua. Murithi alikuwa chini, kinywa wazi, anavuta pumzi na pumzi haiji. Mkononi alishika sweta la Kendi, maana niliondoka na mtoto bila nguo za baridi.

Mwenye bucha alimbeba hadi hospitalini, mimi nyuma na ile barua niliyoichomoa chini ya cherehani. Daktari aliisoma akanitazama.

"Huyu hajalewa, mama. Ana ugonjwa wa nadra sana. Misuli yake ikitumika, inaishiwa nguvu. Akipumzika, inarudi. Sasa udhaifu huo umefika kwenye pumzi. Hamkuambiwa?"

Niliambiwa, mwanangu! Niliambiwa na mtoto wa miaka minne.

Karimi alipofika ndipo alinieleza. Walikuwa wamenificha ugonjwa huo kwa kuuogopa mdomo wangu. Murithi aliamka mapema kila siku, akamwogesha Kendi, akampikia, akamsuka nywele, akaenda kufunga miraa, hayo yote kabla mikono haijachoka. Mchana ukifika alijifunga na mtoto ili usingizi ukimpata Kendi kifuani pake, asimwangushe. Mimi nilikata kamba iliyomshikilia mtoto, nikajiona nimemwokoa.

Murithi alipona siku ile. Alipata dawa, akaishi miaka kadhaa, na hakunitupia neno baya hata moja, jambo lililoniuma kuliko matusi. Kendi alipokuwa darasa la saba, ile pumzi ilikataa tena, na safari hii haikurudi. Kabla sanduku halijafungwa, Kendi aliishika mikono ya babake akaniangalia. "Anti, sasa imelala," akasema. Nililia mpaka nikashikwa na wanawake wa kanisa.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukiona mtu anafanya jambo usilolielewa, weka makasi chini umuulize. Mtoto akikueleza, mwamini kwanza. Na mtu akija mlangoni pako na barua yake, ifungue barua, ufungue na mlango, kwa sababu huenda asiwe na asubuhi nyingine ya kurudi.

Mungu akujalie mikono yenye nguvu tangu asubuhi hadi jioni. Na siku mikono hiyo itakapolala mapema, akupe mtu wa kukufunga kwake usianguke.