Kipande cha Mdogo Wangu

Kwa miaka minne nilichimba mitaro ya watu wawili. Kikundi chetu cha mwethya, wanawake wa upande huu wa Mwala, huchimba kwa zamu kila Jumatano asubuhi, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Unachimba mtaro kwenye mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na mvua ikinyesha maji yanabaki shambani. Kila mwanachama hupimiwa kipande chake kwa kamba. Asiyekuja wala kuwa na mtu wa kumchimbia, jina lake hukatwa, na zamu ya shamba lake haifiki.

Mdogo wangu alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, mama alikataa katakata jina lake likatwe.

"Atarudi," aliniambia. "Na wewe si uko tu hapa? Mchimbie."

Niko tu hapa! Mwenyekiti akiita jina langu naitika, akiita la mdogo wangu naitika tena, na wanawake wanacheka kila wiki kana kwamba ni jambo jipya.

Nilimwonea wivu, nalisema wazi. Pesa alizotuma zilinunua tangi la maji, na mama akaliita "tangi ya mtoto wangu" mbele yangu, kama mimi ni mtoto wa jirani. Maji niliyoyaleta kwa punda miaka yote hayakuwahi kuitwa ya mtu. Niliionea wivu hata sauti ya mama akiongea naye kwa simu, sauti laini ya kanisani ambayo sikuisikia hata nilipolazwa na malaria.

Kisha pesa zikakoma. Mama aliambiwa kazi imepungua. Mimi niliambiwa ukweli: mdogo wangu alikuwa ametoroka kwa tajiri wake. Kule kibali cha kazi hufuata tajiri aliyekuleta. Ukimtoroka yeye, umeitoroka na sheria. Pasipoti ilibaki kwa huyo tajiri. Mdogo wangu akawa anafagia nyumba za watu kwa kujificha, akiona polisi anabadilisha njia. Nilimhurumia, lakini siri hiyo pia ilinipa raha ndogo ambayo sikuiungama kwa padri.

Jumapili moja, tumetoka misa, akanipigia. Serikali ya kule ilikuwa imebadilisha mambo: mgeni yeyote asiye na kibali ajitokeze, aruhusiwe kurudi kwao bila faini wala jela. Muda ukiisha, atakayekamatwa atafungwa.

"Dada, zimebaki siku tisa," alisema kwa haraka. "Ubalozi wanataka cheti changu cha kuzaliwa ndio wanipe karatasi ya kusafiria. Fungua sanduku ya mwaitu, upige picha unitumie. Lakini usimwambie, presha yake itapanda."

Nilikipata cheti sandukuni mwa mama kabla chai haijachemka. Kilikuwa juu kabisa, kimefungwa ndani ya plastiki mbili, safi kama kimetolewa jana. Changu nilikikuta chini, chini ya vitambaa vya zamani, kimekunjwa mara nne, kimechanika kwenye mikunjo, na nusu ya jina la baba imeliwa na mchwa. Nilikaa kitandani kwa mama na vyeti viwili mapajani. Nilirudisha cha mdogo wangu ndani ya plastiki, nikafunga sanduku, nikamwandikia: "Sijakiona. Bado natafuta."

Jumatatu akauliza. Natafuta. Jumanne akauliza, akaniombea Mungu anifungue macho. Natafuta. Jumatano nilichimba kipande changu na chake kwa hasira, nikijiambia, acha na yeye aonje kungoja. Alhamisi alinitumia ujumbe wa sauti, na kwenye ujumbe ule hakuongea, alilia tu. Niliusikiliza mara mbili. Hata hapo sikufungua sanduku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Picha niliituma Jumamosi. Kufikia hapo foleni ya ubalozi ilikuwa imezunguka jengo, na muda ulimalizika mdogo wangu akiwa bado nje amesimama. Nilikaa siku mbili bila kula. Mama akadhani nina tumbo, akanichemshia mwarobaini.

Halafu ikatangazwa kwamba muda umeongezwa. Serikali ya watu, isiyomjua, ilimwongezea mdogo wangu siku, na mimi niliyenyonya ziwa moja naye nilikuwa nimempunguzia.

Alirudi amekonda, na mfuko mmoja wa plastiki. Mama alimchinjia mbuzi niliyemlea mimi, na wivu ukaniamka tena palepale, kama hatukujifunza lolote.

Jumatano iliyofuata alikuja mwethya. Mwenyekiti alipoita jina lake tuliitika wote wawili, mimi kwa mazoea. Wanawake walicheka hadi wakaweka majembe chini. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Huyu ndiye aliniokoa," aliwaambia. "Alipekua nyumba wiki mzima akitafuta hiyo cheti. Wiki mzima! Nani mwingine angenifanyia hivyo?"

Wakanipigia makofi. Kisha akanyoosha mkono kulichukua jembe langu.

"Leo wewe pumzika, dada. Nitachimba yangu na yako."

Nilimpa jembe. Nikaenda kukaa kivulini, nikamtazama akichimba kipande chake, akimaliza, akianza changu.