Marahaba ya Yusta

Mwone Yusta anavyoingia. Usimharakishe, maana kilima cha kufikia shule hapa Rangwi hakitaki haraka, na ukungu umemlowesha kitenge mpaka magotini. Ndala zake zenye tope amezivua mlangoni, asichafue sakafu ya darasa. Kifuani, ndani ya leso, ameibana simu kama mtu aliyebeba kifaranga, asijue kama anakilinda au anakizuia kisimkimbie.

Wazazi wamekalia madawati ya watoto, magoti yamewapanda mpaka karibu na kidevu. Mwalimu Kristian amewaita wazungumze habari za watoto na mitandao. Yusta si mtu wa vikao, kabichi zake hazimpi nafasi. Leo amekuja kwa sababu ya sauti moja.

Nikuelezee kidogo. Mumewe, Nikodemo, alipokwenda Korogwe kwenye kazi za ujenzi, aliacha nyumbani simu janja ili wanunuzi wa Mombo wawe wanatumiwa picha za kabichi kabla ya gari kupanda. Aliyeijua simu ile ni binti yao Modesta, wa kidato cha pili. Yeye ndiye anayepiga picha, anayeandika, anayemsomea mama yake majibu. Usidhani Yusta hajui kusoma. Anasoma Biblia yake vizuri tu, ila maandishi ya simu humkimbia kabla hajamaliza mstari.

Basi siku moja wanachambua maharage uani, Modesta akacheka peke yake, na simu ikatoa sauti ya mwanaume.

"Nani huyo?"

"Rafiki tu, mama."

"Rafiki gani ana sauti yenye ndevu?"

"Anaitwa Valentino. Ni wa hapo Vuga. Hebu ongea naye mwenyewe." Kabla Yusta hajakataa, simu ilikuwa sikioni.

"Shikamoo mama."

Wewe unajua ilivyo kwetu. Shikamoo ikifika, marahaba inatoka yenyewe, haingoji ruhusa. Ikatoka. Yule kijana akaendelea kwa Kishambaa safi, akauliza mvua, akauliza shamba, akauliza kama Jenoveva amepona mguu. Jenoveva ni binamu yake Yusta, ameolewa Vuga. Sasa mtu anayekuulizia mguu wa binamu yako utamfokea uanzie wapi? Yusta alipomrudishia binti simu, akasema maneno ambayo mpaka leo anatamani angeyameza: "Huyo ana adabu. Kalelewa."

Wiki hii Valentino amemwambia Modesta ateremke Mombo Jumamosi. Kuna kazi nzuri ya likizo, ya kuuza nguo mtandaoni, na nauli atamtumia. Modesta alimweleza mama yake huku anafagia, kama jambo lililokwisha kukubaliwa. Hapo ndipo Yusta alipohisi baridi isiyo ya ukungu.

Darasani mwalimu alikuwa anasema, "Mzazi, weka namba ya siri kwenye simu yako. Wewe, si mtoto."

Yusta akanyoosha mkono. "Mwalimu, ya kwangu aliiweka mtoto. Mimi huwa nafunguliwa."

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha watu wanaojijua. Kilipotulia akaeleza habari za Valentino.

"Umewahi kumwona?" mwalimu akauliza.

"Nimemsikia. Aliniamkia vizuri sana."

Kutoka dawati la nyuma akasikika Mwanaisha, ambaye wengi humwita Mama Zakia. "Mama Modesta, ana sauti ya kukwaruza kidogo, kama mwenye mafua? Anaanza na mvua?"

"Ndiye huyo."

"Kwangu ni Ibrahimu, mtu wa Mlalo. Alimuulizia shemeji yangu kwa jina. Na Zakia naye ameitwa Mombo."

"Basi huyo ana mama wengi wa kuwaamkia," akasema mzee mmoja wa mbele, na safari hii hakucheka mtu.

Mwalimu akawaambia wasifute ujumbe wowote, wasimjibu kabisa, na kesho yake wangeongozana naye kituo cha polisi Lushoto. Lakini leo, akasema, kaeni na binti zenu. Msiwafokee, wasikilizeni. Yusta akatikisa kichwa kukubali, huku moyoni anajiuliza ataanzaje. Kwao maneno ya wanaume binti huambiwa na shangazi, na shangazi wa Modesta walishamzika. Mama humwambia binti habari za kuni na chumvi. Huko kwingine hakupewa njia.

Alimkuta Modesta jikoni anamenya viazi. Akavuta kigoda, akakaa. Akasifia viazi. Halafu akasema, "Yule Valentino si Valentino."

"Nani kasema?"

"Mama Zakia. Anawapigia na wao, kwa jina jingine."

"Mama, si wewe uliyesema kalelewa? Ulimwitikia mwenyewe, nilikuwepo."

Yusta akatafuta pa kushika. "Huyo mtu alimjuaje Jenoveva?"

Kisu kikasimama. "Nilimwambia mimi," Modesta akasema, bila aibu, kama anayeeleza wema aliotendewa. "Aliniuliza huko Vuga mama yangu anampenda nani. Alitaka akusalimie vizuri, ufurahi."

Basi Yusta akakaa na jambo hilo mapajani kama mzigo aliowekewa na mtu aliyekwisha kuondoka. Akasema Jumamosi hakuna kwenda Mombo. Modesta akasema sawa, lakini sawa yenyewe ilikuwa nyepesi mno, ilitoka haraka kuliko hata ile marahaba. Kumnyima simu angeweza. Ila kila rafiki wa Modesta ana simu, au ana dada mwenye simu, na njia ya kuteremka Mombo haina mlango wa kufunga.

Simu ikaita pale pale, ndani ya leso. Yusta akaifunua. Modesta akachungulia, akaipokea kwa kidole chenye maji ya viazi kabla mama hajamzuia, akafungua spika, akaiweka katikati yao juu ya ungo.

"Shikamoo mama," ikasema ile sauti ya kukwaruza.

Modesta hakuitazama simu. Alikuwa anautazama mdomo wa mama yake, aone utafanya nini. Ungekuwa wewe kwenye kigoda kile, ungeufungua?