Kilio cha Deko

Redio ndiye aliyeleta habari, na aliileta saa tatu asubuhi kabla hata hajanawa uso.

"Mwenzangu, mfungie mtoto wako ndani," alisema, huku ameshika mlango kama mtu aliyekimbizwa. "Fundi Bomba amekata mtu koo."

Mama Kengele alikuwa anaanua nepi uani. Alibaki na nepi mkononi na kibanio mdomoni. Huyu Redio alikuwa jirani wa mlango wa pili, na jina hilo mtaa ulimpa kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Koo la nani?"

"La mtoto! Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. Nilikuwa nimesimama tu juu ya ndoo, naangalia kama ukuta wetu una ufa, nikamsikia anasema peke yake: 'Koo lako lilikuwa bovu, nimelikata, nimekuwekea jipya. Leo utalia, mtoto wewe. Utalia mpaka mtaa wote utoke nje.' Halafu akacheka. Mwenzangu, alicheka!"

Mama Kengele alikuwa mtu wa kuangalia kwanza na kusema baadaye. Mgongoni, ndani ya mbeleko, alikuwa amembeba binti yake wa miezi minane, ambaye mtaa wote ulimwita Kengele, na aliyewahi kumsikia hakuuliza kwa nini. Mama akafikiri kidogo. Kama kuna mtoto amekatwa koo, huko kulia atalia kwa koo lipi?

"Ngoja nikaone," alisema.

"Uende wapi? Na mtoto mgongoni?"

"Jiko langu limekatika mguu. Nampelekea alichomee."

"Wewe moyo wako ni wa chuma," alisema Redio, akaenda mbio kuchukua ndoo yake.

Karakana ya Fundi Bomba ilikuwa nyuma ya ukuta huohuo. Ilikuwa na paa la bati na sakafu ya saruji iliyokunywa oili miaka mingi, na mabomba yamening'inia ukutani kwa unene wake, membamba kushoto, manene kulia, kama familia iliyojipanga kupigwa picha. Hapo hakuna aliyegusa injini wala breki. Ilikuwa ni ekzosi tu, lile bomba la kutolea moshi, na Fundi alikuwa amelihudumia kwa miaka thelathini. Mwenye gari lililokohoa alitoka na gari lililotulia. Mwenye gari lililonong'ona, akitaka lingurume, alilitoa likinguruma. Hakuwa na mke tena wala hakuwa na redio. Alisema mabomba yanamtosha kwa mazungumzo.

Siku hiyo kulikuwa na gari moja, dogo, jeupe, la zamani, limesimama juu ya shimo. Kutoka chini yake ilisikika sauti:

"Lia, mtoto, lia! Usije ukaniaibisha mbele ya Mwalimu!"

Mama Kengele aliangua kicheko mpaka jiko likamponyoka. Liligonga saruji kwa kishindo, likabingirika, likagonga pipa. Kengele akashtuka, akapasua kilio cha kutoboa bati. Kule shimoni mikono iliendelea kukaza nati polepole, kana kwamba hakuna kilichotokea duniani.

Hilo Mama Kengele aliliona, akaliweka akilini.

Fundi alitoka alipoiona miguu yake. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya, chaki imechomekwa juu ya sikio, na uso umejaa masizi isipokuwa meno.

"Aa, Mama Kengele! Umefika sasa hivi?"

"Sasa hivi. Shikamoo, Fundi."

Alimtazama midomo kwanza, ndipo akaitika. "Marahaba, mwanangu."

"Mtaani wanasema umekata mtoto koo."

Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Mtoto ndiye huyu!" Alilipapasa gari mgongo. "Na koo lenyewe lile pale." Pembeni palikuwa na bomba lililoliwa na kutu, limepasuka kama mkate. "Huyu ni mtoto wa Mwalimu. Yule mwalimu mkuu aliyestaafu, mfupi, mwenye miwani ya mnyororo. Alinifundisha darasa la tatu. Mwezi uliopita kaja hapa kaniambia, 'Kijana,' mimi huyu nina miaka arobaini na minane, 'kijana, miaka arobaini na mbili nimewaambia watu nyamazeni. Sasa nimestaafu. Nataka kelele yangu mwenyewe. Lakini iwe kelele yenye adabu.'"

"Kelele yenye adabu ndiyo ipi?"

"Sasa na mimi si ndiyo nauliza!"

Alimwonyesha mlango wa karakana. Kwa kalamu nyekundu palikuwa pameandikwa 4/10, rudia. Chini yake, 5/10, umejitahidi, rudia. Leo saa kumi kamili Mwalimu angekuja kwa mara ya tatu.

"Na akikupa tano tena?"

Kicheko cha Fundi kilipungua. Kwenye kona kulikuwa na rundo la nondo mpya, zimefungwa kwa kamba. "Zile kaleta shemeji yangu. Anataka tuchomee vyuma vya madirisha. Nimemwambia, Mwalimu akikataa mara ya tatu, basi, ekzosi naiacha." Akazitazama zile nondo kama mtu anayetazama wakwe wasioalikwa. "Dirisha, mwanangu, unalipima kwa futi. Halisemi kitu."

Akaingia garini akawasha. Kisha akatoka, akachuchumaa nyuma, akafunga macho. Mama Kengele alitegemea atege sikio. Badala yake alilaza kiganja juu ya bamba la nyuma, kama mtu anayepima homa.

"Tamu, eh?" alipiga kelele.

Mama Kengele alisimama nyuma yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Fundi, una nyoka mguuni."

Fundi aliendelea kutabasamu.

"Fundi, suruali inawaka moto."

"Sikiliza hiyo besi!" alisema Fundi kwa furaha.

Basi Mama Kengele akazunguka mbele, akazima gari mwenyewe, akamwangalia usoni. Aligusa tu sikio lake mwenyewe kwa kidole.

Fundi akakuna kichwa, masizi yakahamia kwenye nywele. "Grainda, mwanangu, hii mashine ya kukatia vyuma. Miaka thelathini bila kuziba masikio. La kushoto linasikia likitaka. La kulia limekufa kabisa." Ghafla akaanza kucheka tena, hakuweza kujizuia. "Fikiria, katika masikio yote ya fundi ekzosi, limekufa la kulia! Si bora lingekufa la kushoto, likabaki la kulia la kusikilizia magari yakilia?"

Mama Kengele naye kicheko kikampata, wakacheka wote wawili mpaka Kengele mgongoni akanyamaza kuwasikiliza.

"Usimwambie Redio," alisema Fundi.

Nyuma ya ukuta ndoo ilisogea. Fundi hakuisikia.

"Washa tena," alisema Mama Kengele.

Alisimama kando, mkono mmoja chini ya makalio ya mtoto, akiyumba kidogo kama anavyoyumba kila siku. Hakujua kitu kuhusu magari. Alichojua, alikijua kwa miezi minane, saa zote, hata akiwa amelala. Akasikiliza. *Pu-pu-pu-pu*, kavu, ya harakaharaka, inakatika na kurudi.

"Huyu ana njaa," alisema.

"Nini?"

Akasema tena, taratibu, ili midomo ionekane. "Njaa. Mtoto mwenye njaa analia vipande vipande, anavuta hewa katikati. Kuna mahali anavuta hewa."

Fundi akamkazia macho. Kisha akachukua kopo la maji ya sabuni na brashi, akateremka shimoni. Alipaka kiungo cha kwanza, kimya. Alipaka cha pili, kile cha karibu na injini, na povu likachemka kama uji.

"Linavuja!" Sauti ilitoka shimoni kama ya mtu aliyeokota kito. "Linavuja, Mama Kengele, na mimi nilikuwa naapa limeziba!"

Alibadilisha kikaratasi cha kuzibia kiungo, akakaza nati, akawasha. Njaa ilikuwa imeisha. Lakini alipokanyaga mafuta kidogo, ukatoka mlio mwingine, *uuuuuu*, mrefu, wa kung'ang'ania, unaoingia kwenye meno.

"Sasa anataka kulala," alisema Mama Kengele. "Hicho ndicho kibaya. Hataki ziwa, hataki kubebwa, hajui anataka nini. Analia tu kwa sababu ameshaanza."

"Huo ndio Mwalimu aliousema! 'Linanung'unika kama darasa lisilo na mwalimu,' hivyo aliniambia. Nikamwambia halinung'uniki." Akajipiga paji la uso. "Dawa yake naijua. Unamchomea kibomba kipofu pembeni, kimezibwa mwisho, ule mlio unaingia humo unajimeza wenyewe. Lakini urefu wake lazima upimwe kwa sikio. Kikizidi vidole viwili, kazi bure."

"Mtoto mdogo unambembeleza mpaka upate lile pigo lake. Kata kidogo kidogo. Mimi nipo."

Ilichukua mchana kutwa. Fundi alipochomea, Mama Kengele alitoka nje na kumfunika Kengele macho. Fundi alipowasha, alirudi kusikiliza. Akitikisa kichwa, kibomba kilikatwa kidole kimoja, kikachomewa tena. Katikati alikwenda nyumbani, akanyonyesha, akamwekea Baba Kengele chakula chini ya kawa, akarudi. Mara ya tano Fundi alikuwa shimoni, hawezi kumwona, kwa hiyo akashuka ngazi mbili akamgonga begani: bado. Mara ya sita akainua mkono ili amgonge, na mkono ukabaki hewani.

Mlio ulikuwa umeshuka chini, mpana, wa mviringo. *Mmmrrrm. Mmmrrrm.* Ukikanyaga, unajivuna. Ukiachia, unatulia, lakini hauishi kabisa, kama unaangalia nani anautazama.

Mgongoni Kengele akapiga mateke kwa furaha, akajibu, "Mmmm!"

"Ni nini?" Fundi alikuwa ametoka shimoni, anamsoma uso. "Ni njaa? Ni usingizi?"

"Ni deko, Fundi," alisema Mama Kengele, na machozi ya kicheko yalimtoka. "Ameshiba, ni mkavu, hana shida na mtu. Anataka tu aangaliwe!"

Saa kumi kamili, si dakika zaidi, Mwalimu akaingia. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Fundi aliitoa chaki juu ya sikio, akaificha mfukoni.

"Simama vizuri, kijana. Umerudia kazi?"

"Nimerudia, Mwalimu."

Mwalimu aliketi kwenye usukani, akavuta kiti mbele mpaka mwisho, akawasha. Akatoka barabarani, akazunguka mtaa mzima. Walimsikia akiteremka kule kwenye duka la vitabu, wakamsikia akipinda kwenye geti la shule, na hapo getini akakanyaga mafuta mara tatu bila sababu yoyote ya kiusafiri. Fundi hakusikia hata kimoja kati ya hivyo. Alisimama akimtazama Mama Kengele usoni, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani yasomwe redioni.

"Anarudi," alisema Mama Kengele. "Anarudi polepole. Fundi, anacheza nalo!"

Mwalimu akashuka. Miwani ilikuwa imempinda puani. Akatoa kalamu nyekundu, akaandika mlangoni: 9/10.

Fundi akashika ukuta.

"Moja nimeikata," alisema Mwalimu, "kwa sababu umenakili."

"Mimi, Mwalimu?"

"Darasa la tatu ulinakili hesabu zote za mwenzako, ukanakili mpaka jina lake. Mtu haruki kutoka tano mpaka tisa peke yake. Nani kakupa jibu?"

Fundi akaangalia viatu. Miaka arobaini ikamwondoka, akabaki na minane. "Masikio yangu hayasikii vizuri, Mwalimu. Aliyesikia ni Mama Kengele."

Mwalimu akamgeukia. "Umesoma mpaka wapi, binti?"

"La saba, Mwalimu."

"Na haya ya milio umesomea wapi?"

Mama Kengele akageuka tu, akamwonyesha mgongo. Kengele akamtolea Mwalimu ulimi.

"Huyo ni mwalimu mkali," alisema Mwalimu. Akaifuta tisa kwa kidole cha shahada, akaandika kumi juu ya doa, akarudi garini. Aliondoka akiliachia gari lidekee mtaa wote, watu wakitoka milangoni kuona ni nani huyo, na juu ya ukuta kichwa cha Redio kilichomoza, kikapiga kelele kwa nyumba zote za upande wa pili: "Si koo jamani, si koo! Ni sikio! Amekata sikio!" Ndoo ikamteleza, naye akatoweka.

Fundi alikuwa ameshabeba zile nondo begani, kamba na yote, akazitupa nje ya geti zikamsubiri shemeji. Alirudi anahema, akafuta mikono kwa tambara, kisha akaifuta tena ingawa ilikuwa tayari safi.

"Mama Kengele. Kesho asubuhi naletewa gari la mwoka mikate. Nina ombi."

"Sema, Fundi. Jiko langu bado hujalichomea."

"Jiko nitakuchomea miguu hata sita. Ombi langu, uje unisikilizie. Wewe na huyo mwenzako. Ukisikia njaa, nigonge bega mara moja. Ukisikia usingizi, nigonge mara mbili."

"Na nikisikia deko?"

"Deko, tafadhali, usinigonge," alisema Fundi Bomba. "Nitazame tu usoni, mwanangu, na ucheke, na mimi nijue."