Vifua Madirishani

Vijana wawili wa chuo kikuu walinifuata nyumbani kwangu Manika, hapa Kolwezi, wakiwa na kamera na kompyuta. Kazi yao ni kupiga picha kila kilichobaki katika ghala la kampuni ya zamani ya migodi: ramani za mashimo ya mgodi wa Mashamba, kadi za wafanyakazi, barua za mapadri, kanda za sauti za mikutano, hata daftari za jiko la kantini. Wanataka mtu aliye mbali aweze kuvisoma bila kupanda treni. Waliniambia kwamba sehemu niliyoipanga mimi ndiyo pekee inayoeleweka. Sikushangaa. Nani mwingine angeipanga? Kisha mmoja akauliza picha za vifua za wafanyakazi wa kwanza ziko wapi, maana amezikuta kwenye orodha na hajaziona kwenye rafu. Nikamjibu kwamba ziliharibiwa na maji ya mvua.

Haikuwa mvua. Ilikuwa ni mimi.

Nilirudi kutoka Bulaya miaka ya mwanzo ya Zaïre, nikiwa na diploma ya kuhifadhi nyaraka. Katika kambi yetu ya wafanyakazi hakuna aliyewahi kuleta diploma ya namna hiyo, na wengi hawakuamini kwamba mtu anaweza kuvuka bahari kwenda kujifunza kupanga karatasi. Sikusomeshwa na tajiri. Baba yangu alikuwa mchimbaji aliyetoka Kasai, mama yangu aliuza unga wa mihogo, na mimi nilipata nafasi yangu kwa mtihani, nikawashinda watoto wa makarani. Ninayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila kuyajua huwezi kuelewa jinsi nilivyotembea siku zile, na abakosi yangu ya kijivu, ile suti isiyo na tai, kalamu tatu mfukoni.

Kampuni ilinipa ghala lote. Nilikuta fujo. Picha za kifua, ambazo sisi tuliziita radio, zilikuwa maelfu. Kila mtu aliyeajiriwa alipigwa radio siku ya kwanza, kabla ya kushuka mgodini, kisha akapigwa tena mara kwa mara. Zile za siku ya kwanza zilikaa katika chumba chake peke yake, ndani ya bahasha za kaki, na juu ya kila bahasha palikuwa na jina la ubatizo. Filamu yenyewe ilikuwa na namba tu, na namba ilielezwa na bahasha.

Ndipo ikaja amri ya kuacha majina ya Kizungu. Kila mtu alichukua jina la mababu, nami nikachukua langu. Katika wiki chache ghala zima likawa limejaa watu wasiokuwapo tena. Wakubwa waliingiwa na wasiwasi, mimi sikuwa nao. Niliandika mpango wa kurasa nane: kila mfanyakazi, aliye kazini au aliyestaafu, aje mezani kwangu, ataje jina la zamani na jina jipya, nami nitatafuta bahasha yake na kuiandika upya. Bahasha ambayo mwenyewe hatatokea itahesabiwa kuwa imefungwa, na itaondolewa. Sentensi hiyo ya mwisho ni yangu. Hakuna aliyenishurutisha. Mkurugenzi aliisoma kwa sauti mbele ya wengine akasema hivi ndivyo sitwayeni aliyesoma anavyofikiri; sitwayeni, mwananchi, ndivyo tulivyoitana siku zile badala ya bwana.

Mtu mmoja tu alinipinga, karani mzee aliyelinda lile ghala kabla yangu. Hakuwa na cheti chochote. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sitwayeni, bantu ba mbele banakuwaka na majina mbili, tatu. Uulize muzuri mbele ya kutupa."

Nikamwambia kwamba fomu yangu ina nafasi ya majina mawili na inatosha. Alivaa kofia yake akaondoka.

Watu walikuja. Mstari ulitoka mlangoni ukazunguka hadi nyuma ya kantini. Walinitania, mmoja alinyanyua shati akasema, "Munganga ya makaratasi, na mi niko mugonjwa, unipime." Nilicheka nao, lakini kwa kiasi, kama mkubwa anavyocheka. Siku ya tatu nikainua macho nikamwona baba yangu katikati ya mstari, amevaa koti lake la kanisani, akikohoa ndani ya kitambaa. Alikuwa amestaafu mwaka ule. Niliona aibu. Baba wa mwenye meza kusimama juani kama wengine! Nikainuka, nikamshika mkono, nikamtoa mbele ya watu wote ili waone.

"Rudi ku nyumba, tata," nilimwambia. "Yako nitaifanya mi mwenyewe."

"Mutoto, niko na neno moja ya kukuambia pale ku meza."

"Utaniambia ku nyumba."

Watu walipiga makofi kidogo, wakamwambia amezaa mtoto wa kweli. Naye akatabasamu, akaondoka polepole akishika ukuta.

Nyumbani sikumuuliza, naye hakusema. Jinsi nilivyomjua, neno alilokuwa tayari kumwambia karani mezani lilikuwa gumu kumwambia mwanawe wakila ugali, mama akiwa pale. Nilijaza fomu yake kwa kichwa, jina la ubatizo nililolijua tangu utotoni na jina jipya. Fomu nikaiweka juu ya rundo. Msaidizi wangu akaleta radio za baadaye, zote zikiwa na jina hilo. Ya siku ya kwanza haikuonekana. Nilidhani imepachikwa mahali pasipo pake na kwamba itajitokeza. Nilikuwa na maelfu ya kuandika.

Kazi ilipokwisha, bahasha zisizo na wenyewe zilijaza chumba nusu. Nikatia sahihi. Bahasha na daftari la namba vilichomwa nyuma ya ghala. Filamu hazikuchomwa, kwa sababu siku zile vioo vya madirisha vilikuwa vimepotea madukani, na watu wa kambi waliziomba. Nilizigawa mwenyewe. Filamu ya kifua inaenea vizuri katika nafasi ya kioo kimoja, inazuia vumbi na kupitisha mwanga wa bluu. Nilishukuriwa nyumba kwa nyumba.

Miezi michache baadaye baba alianza kutema damu. Daktari wa kampuni alikuwa mtu mwema, sina la kumlaumu. Alitueleza wazi: mapafu yamejaa vumbi la mawe, na kama vumbi ni la mgodi, hospitali ya kampuni itamlaza na kumtunza mpaka mwisho. Lakini baraza la madaktari litataka radio ya siku ya kwanza. Ikionyesha kifua safi, basi ugonjwa ni wa mgodi. Isipokuwapo, watasema alitoka nao Kasai, na mlango utafungwa. Nikamwambia daktari asiwe na shaka, ghala ni langu.

Nilitafuta siku nne. Siku ya tano baba aliniita, akamwomba mama atoke nje, akaniambia lile neno.

Aliyeandikwa kazi Kasai hakuwa yeye, alikuwa kaka yake mkubwa, yaya kama tunavyosema sisi. Baba alimsindikiza tu, akapanda treni pamoja naye. Kaka alishikwa na homa njiani akafa kabla ya kufika Lubudi, akazikwa kando ya reli na watu wasiomjua. Mwandikaji wa wafanyakazi alikuwa akihesabu vichwa, na kichwa kimoja kimepungua. Baba akachukua kitabu cha kazi cha marehemu, akaitikia jina lake. Kwa jina hilo alipigwa radio ya kwanza. Alipotaka kuoa kanisani, padri alikataa kumfungisha ndoa kwa jina la mfu, akamsaidia kusahihisha kadi ya kazi. Chumba cha radio hakikuambiwa na mtu.

"Jina ya yaya yangu sikuitaja tena tangu ile siku," alisema. "Njo nilitaka kuitaja pale ku meza. Unaona?"

Niliona. Niliikumbuka ile bahasha pia, au nadhani naikumbuka. Jina lile lilikuwa la mtakatifu, ambalo watu wachache walipewa, na mkono wangu uliitupa motoni.

Nikaenda kambini. Mchana kweupe, na abakosi yangu na kalamu zangu, nilipita mstari kwa mstari wa nyumba nikitazama madirisha. Vifua vilinitazama kutoka kila nyumba, mbavu nyeupe juu ya weusi, mabega yameinuliwa kama daktari alivyoamuru. Akina mama walinisalimu, wakanionyesha jinsi zinavyoshika vizuri. Kimoja cha vifua hivyo kilikuwa cha baba yangu akiwa kijana, mzima, siku ya kwanza aliyoiona Kolwezi. Nilisoma namba pembeni mwa filamu, namba zisizo na daftari. Nilisimama mbele ya dirisha moja muda mrefu kwa sababu mabega yalifanana na yangu. Nikaenda kwenye la pili, na mabega ya hapo pia yalifanana.

Jioni nilimwambia baba kwamba naweza kuchukua kifua chochote safi, nikaandika bahasha, na baraza halitajua. Diploma yangu ingeshika mahali pa ushahidi. Mimi niliyemkataza msaidizi wangu asifute hata nukta.

Alikohoa kwanza, akapumzika.

"Jina ya mufu nilibeba, ilinitosha. Sitaki tena kifua ya mutu mwingine."

Baraza lilituma karatasi yake ghalani kwa utaratibu nilioutunga mimi. Utaratibu ulisema kwamba kukosekana kwa hati hakukubaliki kwa mdomo; lazima mlinzi wa nyaraka athibitishe kwa maandishi, na mlinzi alikuwa mimi peke yangu. Niliichukua nyumbani nikidhani kwamba itakuwa rahisi zaidi huko. Baba alikuwa ameketi kitandani, mama amemshika mgongo. Nilisoma kimoyomoyo jina lake jipya juu, nikasoma swali, kama radio ya siku ya kwanza ipo, na katika nafasi ya jibu nikaandika kwa herufi nzuri: hakuna. Chini nikatia sahihi, na chini ya sahihi cheo changu chote, kama fomu ilivyotaka.

Baba hakujua kusoma, na karatasi iliyoandikwa na mwanawe aliiamini. Aliniuliza kama karatasi imekwisha. Nikasema imekwisha. Akamwambia mama amletee viatu vyake, ili asubuhi wakija kumchukua kumpeleka hospitali wamkute tayari.