Jina la Bwana Shauri

Siku hizi wakubwa huombewa kanisani wakiwa wameketi viti vya mbele, na mwombaji huwatupia jicho kuona kama wamesikia. Fanueli mkata mkonge aliwaombea wakiwa hawapo, wala hawakumjua. Kila Jumapili, katika kikanisa cha makuti cha kambi moja nyuma ya Kigombe, aliwataja wenye mamlaka kwa majina, kuanzia Malkia hadi jumbe. Aliona aibu kumpelekea Mungu mtu asiye na jina.

Mwaka wa hamsini na nane wakata mkonge waligoma. Bwana shauri mpya, Mzungu aliyetawala wilaya, akawafunga wanane, Asheri mwana wa Fanueli akiwamo. Jumamosi iliyofuata Fanueli alivaa shati lake jeupe, akaenda bomani kwa miguu, kifua mbele, kama mtu aliyealikwa.

"Shikamoo, mzee," askari Uweso alimwamkia. "Umekuja kumwona mwanao?"

"Marahaba. Leo si siku yake. Nataka jina la bwana shauri."

"La nini? Usije ukamroga."

"La kumwombea."

Uweso alicheka. Alipoona mzee hacheki, akamtajia. Fanueli alirudi akilikariri njia nzima lisimpotee: Pembetoni, Pembetoni.

Mkewe Yudith alimngoja mlangoni. "Baba Asheri, kesho ukimtaja mtu huyo, mimi natoka. Na mule sirudi."

Miaka ishirini Yudith ndiye aliyeanzisha nyimbo mule. Bila yeye watu wangebaki kutazamana.

Kesho yake wakasimama kuomba. Fanueli akamtaja Malkia, akamtaja gavana, kisha akanyamaza. Watu wakasikia Yudith akijifunga kanga.

"Na huyu Pembetoni," Fanueli akasema, "aliyemfunga Asheri wangu. Usimwache afe na dhambi hii, Bwana. Mfungue yeye kwanza, apate kujua kufungua wengine."

Yudith alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Alisimama pale, amewapa watu mgongo. Kisha, bila kugeuka, akaanzisha wimbo, na kanisa zima likamfuata.

Yudith alimtangulia mumewe njia nzima. Walipofika nyumbani, akainama kupuliza moto.

"Huyo Pembetoni wako, mama yake yu hai?"

"Sikuuliza."

"Ukienda tena, uliza. Na jina lake."