Mabaka ya Kijani

Jirani yangu hapa Area D anapaka geti lake rangi ya mafuta, na harufu imeingia mpaka kwenye kikombe changu cha chai.

Ni harufu ya siku ile ya utotoni, kule Kondoa, dada yangu alipokuwa amemaliza kuunda ndege ya kivita ya kuchezea. Mabawa aliyakata kwa kisu cha moto kutoka kwenye ndoo iliyopasuka, akiyalinganisha kwa rula na picha ya gazetini. Tuliipaka mabaka ya kijani na kahawia, masalio ya rangi ya milango, tukaianika uani juu ya saruji.

Mpangaji wa chumba cha mbele, mwanajeshi mstaafu, akaja akasimama mbele yetu.

"Nani kawaruhusu rangi za jeshi? Nyie raia!"

"Shikamoo, afande," dada alisema. "Ni mchezo tu."

Aliikanyaga pua ya ndege, kisha bawa moja, kisha la pili. Plastiki ilivunjika kwa mlio wa mfupa.

"Kwani ndege hii ingempiga nani?" niliuliza.

Kofi lilinigeuza shingo, nikaonja damu. Dada alimrukia akamng'ata mkono, na hakuachia mpaka alipotupwa ukutani. Mzee akaondoka akitukana, akabamiza mlango.

Mama alipotoka alikuta nyayo mbichi za kijani na kahawia, kutoka kwenye vipande vya ndege hadi mlangoni kwa mpangaji. Akanipa tambara lenye mafuta ya taa nizifute.

Dada alinishika mkono. Pua yake ilikuwa bado inavuja damu.

"Ziache," alisema kwa sauti, ili asikike kule ndani. "Na yeye sasa ni raia. Akitoka tumuulize nani kamruhusu rangi za jeshi."