Jina la Fundi Bwanaheri Ubaoni

Nilifuta ubao wa watu kwa nepi ya mwanangu, mchana kweupe, mbele ya wanaume waliokuwa wakitoka kuswali alasiri, na nepi yenyewe ilikuwa mbichi. Basi chekeni, mkimaliza niendelee.

Ubao ule ulikuwa umesimamishwa mlangoni kwa Bwana Faraji, mwenye chumba cha vidio nyuma ya duka lake la vyombo, hapa Malindi, mtaa ambao siutaji kwa kuwa bado naishi humo. Aliandika kwa chaki, kwa ule mwandiko wake wa kujivuna: LEO BAADA YA ISHA, WANAUME TU, BWANAHERI NA OMARI. Mimi nilikuwa natoka nasari ninakofundisha, Nasra kiunoni, amelowa hata mimi nimelowa, na nilipoyasoma yale majina mawili nikamvua mtoto nepi pale pale njiani nikaanza kusugua. Nilisugua kama mtu asuguaye sufuria iliyoungua. Maandishi yakapotea, nikashusha pumzi, lakini jua la Malindi mwalijua, ubao ukakauka na jina likarudi, B kwanza, kisha lote, jeupe kuliko mwanzo.

Faraji akatoka na kikombe chake cha kahawa, hana haraka.

"Mwalimu, mbona wanifutia ubao? Majina hayo si uliyatia wewe?" Akawageukia wale wanaume. "Mimi nimenakili tu, jamani. Mwenye hadithi ni huyu hapa."

Wote wakanitazama, mimi na nepi mkononi na mtoto matako wazi. Na wallahi, alisema kweli.

Niwaeleze ilivyokuwa. Kila Jumatano baada ya adhuhuri chumba kile huwa cha wanawake. Twafungiwa mlango, buibui zatundikwa msumarini, na mimi husimama kando ya televisheni nikitafsiri, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza nakijua (cha skuli, lakini nani pale atanikosoa?). Sasa majina ya Kizungu hayashikiki, Bi Zuhura huyasahau kabla sijayamaliza, kwa hivyo nilizoea kuwapa watu wa kwenye vidio majina ya kwetu. Mwizi nikimpa jina la muuza nyama anayepunja, mama mkwe mkorofi nikimpa jina la jirani ambaye hakuja siku hiyo, na wanawake wakicheka mpaka washikane mabega. Nilisifiwa. "Mwalimu ana ulimi," wakisema, nami nikienda nyumbani nimevimba kichwa kama andazi.

Jumatano hiyo kanda ya Kihindi tuliyoahidiwa ililiwa na mashine. Faraji akachomoa nyingine kutoka katoni aliyoachiwa na mgeni mmoja wa hoteli kule Watamu.

"Hii ni ya mapenzi," akasema. "Tafsiri tu."

"Umeitazama?"

"Nimeitazama."

(Hapo ndipo ningeuliza swali la pili. Sikuuliza. Wanawake walikuwa wamekaa, watoto wamelazwa, nami nataka kuchekesha.)

Ilikuwa filamu ya kimaskini, niseme kweli. Chumba kimoja, kochi moja, koti moja ambalo walikuwa wakipokezana. Mlango ukifungwa ukuta watikisika kama wa boksi, na mara mbili tuliona kivuli cha mtu mwenye kamera. Mwanamume wa kwanza alikuwa ameketi kwenye cherehani, miwani imemshuka puani. Hata sikufikiri.

"Huyu Fundi Bwanaheri," nikasema.

Chumba kikalipuka. Fundi Bwanaheri ni fundi wetu sote, duka lake li pale kichochoroni, na miwani yake hushuka vile vile. Akaingia mwanamume wa pili, mkate kwapani. Nikasema, "Na huyu Omari, atoka kuuza halua." Wakacheka zaidi, kwa sababu Omari ndiye anayekaa nyumba moja na fundi, tangu waje pamoja kutoka visiwani, miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuuliza neno.

Basi yule wa mkate akaugua. Yule wa cherehani akaleta beseni, akamwosha miguu, akaipangusa kidole kwa kidole, kisha akamshika uso akambusu. Halikuwa busu la ndugu.

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye swichi, ningenyoosha mkono yangeishia pale. Lakini Bi Zuhura, ambaye alikuwa akitafuta kashata kwenye mkoba wake na hakuona kitu, akauliza, "Mwalimu, Bwanaheri asemaje?"

Nami, Mungu anisamehe, ulimi uliozoea ukajibu wenyewe: "Bwanaheri asema, usiniache peke yangu."

Hapo ndipo wakaanza. Bi Zuhura alipoinua macho alisimama akapiga kelele, "Astaghfirullah! Zima shetani huyo!" akaenda mlangoni, lakini hakutoka, alisimama kule ametupa mgongo na shingo ameigeuza. Mama Kadzo, yule atuleteaye mchicha kutoka Tezo, akamwambia, "Mwache amwoshe. Mimi nilipougua, wangu hata maji ya kunywa hakuniletea." Salma, msichana aliyeposwa juzi, akasonya: "Sinema gani haina wimbo hata mmoja? Na huyo mgonjwa aguna kama mbuzi mzima." Mwingine akasema hawa wa kwenye vidio waongo, wamejifungia mlango tu, hakuna kitu tulichoonyeshwa. Bi Mwanate, mtu mzima kuliko sisi sote, alilia polepole akijifuta kwa ncha ya leso. Mwishoni yule wa mkate akaondoka kwa treni, na yule wa cherehani akabaki akishona koti kubwa lisilomfaa yeye mwenyewe, na picha ikazimika hapo. Bi Mwanate akapenga kamasi, na si yeye peke yake.

"Haramu ni haramu," akasema. "Lakini lile koti nani atalivaa?"

Nilitafsiri mpaka neno la mwisho. Na mimi nilitaka kujua mwisho, nisijifanye.

Sasa sikilizeni. Hakuna aliyeuliza mji ule ni upi, wala wale watu hasa waitwa nani. Walitoka mle chumbani na majina mawili tu, niliyowapa mimi.

Kufika Ijumaa watoto wakiimba mlangoni kwa fundi neno ambalo siliandiki hapa. Mtu akamwagia kizingiti maji ya samaki. Bi Zuhura akatuma binti yake akachukue kitambaa chake cha harusi, hakijakatwa. Salma naye akatwaa chake. Mwenye nyumba akampa fundi mpaka mwisho wa mwezi awe ametoka, duka na chumba.

Jumatatu nilikwenda. Vitambaa vilikuwa vimekwisha rafuni, na ile meza ya mbele anayoweka Omari sinia zake za halua ilikuwa tupu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Wataka kurudishiwa nini?"

"Sitaki kitu. Nimekuja kuomba radhi."

Akavua miwani, akaipangusa kwa kipande cha kitambaa cheupe.

"Gauni lako la harusi nililishona usiku na mchana, siku tatu, kwa sababu mamako alichelewa kuleta kitambaa. Nilikudharau? Nilikucheka?"

"La, Fundi."

"Basi jina langu ulilipelekea nini kule?"

Nikamwambia ni mzaha. Neno lenyewe lilinitoka likiwa dogo kuliko nilivyolitaka. Nikauliza Omari yuko wapi, akasema amepanda basi la Lamu Jumamosi asubuhi, "asiniletee matata zaidi." Kisha akavaa miwani yake akarudi kwenye cherehani, akakanyaga, na hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Kama alikuwa hivi au vile sikuuliza, na sitauliza. Mimi nani?

Kesho yake ndiyo nikaukuta ule ubao.

Sikurudi nyumbani kulala juu ya hasira. Niliandika barua jioni ile ile, na asubuhi nikaipeleka kwa chifu. Karani akaisoma, akakuna sikio, akasema, "Mama, mtu hawezi kujishtaki mwenyewe." Nikamwambia basi apige muhuri, la kuweza au kutoweza atajua chifu. Akapiga. Sijaitwa mpaka leo, na fundi alihama kabla mwezi haujaandama, cherehani juu ya mkokoteni, akipita mbele ya milango ya wanawake waliolia kwa ajili ya koti. Jumatano siendi tena. Nikiwasomea watoto wa nasari hadithi, hata sungura simpi jina la mtu aliye hai.

Barua niliiandika hivi:

Kwa Chifu,

KUH: MALALAMIKO JUU YA JINA LA MTU

Nalalamika dhidi ya wafuatao. Wa kwanza ni mimi mwenyewe, mwalimu wa nasari, niliyechukua jina la jirani yangu nikamvika mtu wa kwenye vidio ili nichekeshe. Wa pili ni Bwana Faraji, aliyeijua kanda ile na akanipa, kisha akaliandika jina hilo ubaoni ili ajaze chumba. Wa tatu ni wanawake tuliokuwa pamoja, walioitazama mpaka mwisho, kisha wakasema hawakuwapo.

Naomba mwenye nyumba azuiwe kumtoa mpangaji wake kwa kosa nililolifanya mimi.

Fundi Bwanaheri hakuwamo katika filamu ile. Siku hiyo alikuwa dukani kwake akishona sare za watoto wangu wa nasari. Nilizipokea Alhamisi. Hazikuwa na kasoro.